Barua Inajieleza

3 Februari

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, lile jino limeshang'olewa, na daktari aliyeling'oa naye amepata nafuu. Sisi huku hatujambo. Baba, kaka yako, magoti yanamsumbua, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Anawasimamia mafundi wanaotengeneza paa letu akiwa amekaa kitini chini, na hakuna msumari aliokubaliana nao mpaka sasa. Mama hajaniambia nikusalimie. Hakunikataza pia, kwa hiyo naiandika habari kama ilivyo.

Sasa yaliyonifanya nishike kalamu. Kule kwenye kiwanda cha kufulia wamenipandisha cheo kutoka ukarani wa mifuko. Mimi ndiye msimamizi wa chumba cha kuchambulia na kukunjia. Nina watu tisa, meza nne, na kiti cha ofisini ambacho gurudumu lake moja lilistaafu kabla yangu. Usinipongeze bado.

Mkurugenzi wetu alikwenda semina ya siku mbili akarudi mtu mpya. Anasema zama za kuadhibu zimepita, wafanyakazi sasa hawasimamiwi, wanakochiwa. Ametushonea wasimamizi wote fulana nyeupe zenye neno KOCHA mgongoni. Nilimuuliza kukochi ni kufanya nini hasa. Akanijibu kwamba ni safari. Nikamuuliza tunakwenda wapi, akanitazama kama mtu aliyenikuta nimelala kitandani kwake na viatu. Tangu siku hiyo sijauliza tena, nimevaa fulana nimetulia.

Shida yangu ni mwanamke mmoja tuliyembandika jina la Bi Taratibu. Ana miezi mitano kazini. Kwa kukunja hakuna anayemfikia, pembe zake unaweza kuzipimia rula. Kuchambua ndiko kunakomshinda. Mara mbili amepeleka mashuka ya hospitali hotelini. Bwana harusi mmoja alifunua kitanda cha fungate akakuta muhuri wa WODI YA WAZAZI. Meneja wa hoteli alipiga simu, na sauti yake tuliisikia sote tuliokuwa chumba cha pili. Kasema likitokea kosa jingine anatafuta wafuaji wengine.

Mkurugenzi akaniita. "Mkochi mpaka mwisho wa Mei," akasema. "Ikishindikana, andika barua ya kumwachisha kazi. Ukishindwa kuiandika, nitaziandika mbili mwenyewe."

Alama za mifuko nilizozileta hapa ni zile zile ulizonifundisha wewe. Wewe umesimamia ufuaji miaka ishirini na sita na watu walikuwa wakinyooka kabla hujafungua mlango. Niambie ulifanyaje.

Mwanao,
Kocha

*

19 Februari

Kwako Kocha,

Marahaba, baba. Jino lilitoka salama. Daktari ndiye anayeuguza kidole. Mwambie kaka yangu ashuke kwenye kiti apande kwenye paa, kama magoti yanakataa basi na mdomo ukatae.

Habari ya fulana imenichekesha hadi nikatafuta pa kukaa. Mkishinda kombe msinisahau. Na huyo bwana harusi mpeni pole, ingawa kwa maoni yangu ameonyeshwa mapema tu anakoelekea.

Mwanangu, mimi pale kazini walikuwa wakiniita Mama Onyo, wakidhani sijui. Nilijua, na nililipenda jina. Sikuwahi kumkochi mtu. Nilikuwa na barua tatu. Ya kwanza ya kumshtua, ya pili ya kumuuma, ya tatu ya kumuaga. Sikuongeza, sikupunguza. Unaiandika kwa lugha ya heshima, unapiga muhuri, unamkabidhi mkononi, na husemi hata neno moja. Akiuliza, hujibu. Barua inajieleza. Siku utakayoanza kumweleza mfanyakazi, ujue umeshaanza kumbembeleza, na kesho atakuuliza kama umelala salama.

Kuhusu alama za mifuko, umefanya vizuri. Hazijawahi kumshinda mtu mwenye macho. Huyo Bi Taratibu wako hana macho au hana nia, na yote mawili dawa yake ni moja.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Wote ni neno pana, kila mtu achukue fungu lake.

Shangazi yako

*

14 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Paa limekwisha. Linavuja mahali papya, jambo ambalo Baba analihesabu kuwa maendeleo. Mama yumo, anapika, na fungu lake la salamu hajalichukua, bado liko mezani.

Nimeiandika barua ya kwanza. Kwa kweli nilijisikia fundi. Nakunakilia uione:

"Uongozi unapenda kutambua rasmi mchango wako wa pekee katika kazi ya kuchambua. Tangu kiwanda hiki kianzishwe, hakuna mfanyakazi aliyewahi kuwaletea wateja wetu mshangao kama wako. Jina lako sasa linajulikana hadi hotelini. Tunaamini kwa mwendo huu utafika mbali, tena mapema kuliko unavyodhani. Uongozi unakutazama kwa macho mawili."

Hapo kwenye "utafika mbali" nilimaanisha nje ya geti. Nilicheka peke yangu ofisini, nikapiga muhuri mwekundu, nikamkabidhi mkononi. Kama ulivyoagiza, sikusema neno. Aliisoma polepole akichezesha midomo. Macho yakajaa machozi. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniambia, "Asante, bosi. Sikujua kama mnaniona."

Nikajisemea, kumbe barua inajieleza kweli! Kesho yake alikuja kabla ya mwenye funguo. Alikunja kwa siku mbili kazi ya watu watatu, akawa anaimba. Sijawahi kuona majuto yenye furaha namna ile.

Lakini juzi mfuko mwingine wa hospitali ulitaka kwenda hotelini. Bahati dereva aliuona getini akaurudisha, na Mkurugenzi hajui. Barua ya pili ninaiandaa, na hii sitaki aimbe.

Mwanao,
Kocha

*

2 Aprili

Kwako mwandishi wa barua tamu,

Marahaba. Niko salama, mguu wa kushoto unanikumbusha umri wangu kila ninapousahau.

Barua yako ina manukato mengi, lakini machozi ni dalili njema. Peleka ya pili kabla ya kwanza haijapoa.

Wangu wengi walilia. Nakumbuka mmoja tu ambaye hakulia. Alikuwa ameniuliza swali mbele ya wenzake, na mimi maswali ya mbele ya watu nilikuwa siyajibu. Wiki ile ile nikampa ya tatu. Aliikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa aproni, kisha akaivua aproni akaiacha mezani na barua yangu ndani yake. Akatoka bila kugeuka.

Sijui kwa nini nimekuandikia haya. Ningekuwa na karatasi nyingine ningeanza upya.

Shangazi yako

*

27 Aprili

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Baba amekubali kupaka dawa magotini baada ya fundi paa kumwambia ndiyo anayotumia yeye. Sisi tuliomwambia miaka mitatu tulikuwa watoto wake tu.

Keti chini kwanza, halafu endelea kusoma.

Jumapili iliyopita Bi Taratibu alinialika kwake. Nilikwenda na barua ya pili mfukoni, nikidhani pengine nitapata upenyo. Ni vyumba viwili, safi kabisa, mume wake fundi viatu. Wakanikalisha kwenye kiti kizuri. Nikainua macho, na ukutani, mbele yangu, nikaiona barua yangu imetiwa fremu. Muhuri mwekundu unang'aa nyuma ya kioo. Fremu ilikuwa ya picha yao ya harusi, Shangazi. Picha wameitoa wakaiegemeza kwenye kabati.

Jirani akaingia kunipa mkono. "Wewe ndiye bosi anayejua kuthamini watu?" Nikasema ndiyo, ni mimi. Ungetaka niseme nini? Nimejifunza kejeli nyumbani kwetu, kwa walimu wenye sifa, nawe ukiwa mkuu wao, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anaweza kusoma maneno mazuri akaamini kuwa ni mazuri.

Halafu akaniuliza, kwa sauti ya chini: "Bosi, kwa vile mmenisifu, naomba kuuliza kitu ambacho nilikuwa naogopa. Hii H ya hospitali na hii H ya hoteli, mnazitofautishaje?"

Nikamweleza, kwa madaha, kwamba H ya hoteli ina nukta chini yake. Mume akacheka akidhani ni utani. Yeye hakucheka. Akasema, "Nukta ipi?"

Jumatatu nilikwenda kukagua mifuko mwenyewe. Mifuko inafuliwa kila wiki pamoja na mashuka, na wino unafuliwa nayo. Kati ya mifuko arobaini ya hoteli, kumi na mmoja ndiyo yenye nukta inayoonekana. Wazee wa kazi wanaitambua kwa viraka na mishono, hakuna anayeangalia nukta. Huyu aliyekuja juzi ndiye tuliyemtegemea asome kitu ambacho hakipo. Barua ya pili nimeichana.

Sasa nikuulize. Yule wa aproni alikuuliza swali gani? Barua yako niliisoma mezani kwa sauti, kama tunavyozisoma zote. Nilipofika hapo Mama aliinuka akaenda kuanua nguo. Nguo zilikuwa bado mbichi.

Mwanao

*

20 Mei

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Wiki tatu zimepita sijapata jibu. Posta wanasema hawana barua yako, na siku hizi nawaamini posta kuliko ninavyokuamini wewe. Baba anauliza kama unaumwa. Mama haulizi kitu, lakini ndiye anayefika mlangoni wa kwanza tarishi akipita.

Mkurugenzi ameambiwa habari ya ule mfuko wa getini. Dereva alivumilia miezi miwili mizima, zaidi ya hapo angepasuka. Basi imebaki hivi: ifikapo tarehe thelathini na moja anataka barua ya kumwachisha kazi Bi Taratibu iwe mezani kwake. Nilimweleza habari ya nukta. Akasema nisitafute visingizio, nitafute suluhisho, kisha akanisomea ukurasa mzima wa kijitabu cha semina. Meneja wa hoteli anataka jina la mkosaji, na jina lenyewe lipo.

Nikaona siwezi kumwacha huyu mama aendelee kuishi chini ya fremu ile. Jana nilimwita ofisini nikamweleza kila kitu. Kwamba ile haikuwa pongezi, ilikuwa onyo, na mimi ndiye niliyeliandika huku nacheka. Shangazi, nilitokwa jasho kama niliyekuwa nanyooshwa mimi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Najua. Mume wangu aliniambia siku ya tatu."

"Sasa mbona iko ukutani?"

"Nilitaka nione nani ataona haya wa kwanza."

Yeye akaendelea, na hapa hakuwa akinitania: "Lakini zile siku mbili nilizodhani mmenisifu, nilikuwa naamka nataka kuja kazini. Hilo sikurudishii. Na swali langu nilikuuliza kwa sababu nilishajua huniwezi tena kwa barua, ile ya sifa yenye muhuri wako ninayo ukutani."

Nimebakiwa na siku kumi na moja. Nikiiandika barua anayoitaka Mkurugenzi, huyu anaondoka kwa kosa langu. Na kosa langu, tukilifuata hadi linakoanzia, linafika mlangoni kwako. Kwa hiyo nijibu. Sitaki mzaha safari hii, uniwekee wa mwezi ujao.

Mwanao

*

29 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Siumwi. Nimeandika barua nne nikazichana, na hii nikiichana tena sitaandika nyingine, kwa hiyo naipeleka posta mwenyewe na mguu huu huu.

Swali lilikuwa hilo hilo. "Hii H na hii H zina tofauti gani?" Tena alilianza kwa kusema "Wifi." Aliyeuliza ni mama yako.

Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Tulikuambia ameacha kazi kwa sababu ya mgongo. Mgongo wake haukuwa na kitu. Nilimleta mimi mwenyewe pale, na kwa vile ni wifi yangu nilimkaza kuliko wengine, ili watu wasiseme napendelea. Barua mbili za mwanzo nilimpa kwa makosa ya mifuko. Siku aliponiuliza, watu kumi na wanne waliacha kukunja wakatutazama. Niliinama kuuangalia mfuko aliokuwa ameushika ili nimwonyeshe nukta mbele yao wote. Haikuwepo. Nikaangalia wa pili, haikuwepo.

Nikainuka nikamwambia arudi kazini. Siku ya nne nikampa ya tatu.

Na bado sijamaliza. Jioni ya siku aliyotoka, nilibaki nyuma nikachukua chupa ya wino nikazirudia nukta zote, mfuko hadi mfuko. Baada ya hapo nikawa nafanya hivyo kila Jumamosi mpaka nilipostaafu. Alama zangu hazikumshinda mtu kwa sababu nilikuwa nazichora upya mlango ukiwa umefungwa. Wewe nilipokufundisha, hilo la Jumamosi sikukuambia. Nilikupa herufi nikakunyima wino.

Nimesimamia watu miaka ishirini na sita, na mtu mmoja tu aliniambia nini kibaya kwenye kazi yangu. Huyo ndiye niliyemtoa. Waliobaki walijifunza kunyamaza, nami nikauita ukimya wao nidhamu.

Hukuomba ushauri safari hii, na mimi sina wa kukupa. Mpe mama yako barua hii asome mwenyewe. Usimsomee mezani.

Shangazi

*

21 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ilifika tarehe tano. Baba hajambo, ameanza kutembea hadi dukani na kurudi akilalamikia umbali ambao yeye mwenyewe amekataa kuupima.

Mama nilimpa barua akiwa jikoni. Aliisoma amesimama, akarudi mwanzo akaisoma tena amekaa. Kisha akaniambia kitu ambacho sikukijua, na wewe pia hukijui. Baada ya kuondoka pale alikwenda kupima macho mara tatu, kwa madaktari watatu. Kila mmoja alimwambia anaona vizuri, na hakumwamini hata mmoja. Alijiambia kama Wifi, anayeijua kazi, anaiona hiyo nukta, basi yeye ndiye mwenye kasoro. Miaka ishirini na miwili hajaomba kazi kwa mtu kwa sababu hiyo. Aliniuliza, "Kwa hiyo alijua siku ile ile?" Nikasema ndiyo. Akaikunja barua. Hakusema amekusamehe, nami sitamtilia maneno mdomoni. Kwa siku nyingi amekuwa akivaa hasira ambayo sikuwahi kumwona nayo, na kwa kweli inampendeza kuliko ule ukimya.

Kazini mambo yalikwenda hivi. Tarehe thelathini na moja nilipeleka barua kwa Mkurugenzi. Safari hii nilitumia maneno ambayo hata jirani wa Bi Taratibu asingeyakosea: "Mchambuaji hana kosa. Mifuko ya wateja wawili ina alama moja. Alama hiyo niliileta mimi na sikuwahi kuikagua. Aliyegundua ni yeye. Simwandikii barua ya kuachishwa kazi." Nikaweka na mifuko miwili juu ya meza yake, nikamwomba aniambie upi wa hospitali. Alichagua kwa kujiamini sana. Alikosea.

Hakunifukuza. Alisema inaonekana Bi Taratibu anakijua chumba kile kuliko msimamizi wake, kwa hiyo awe yeye, na mimi nishuke kwenye meza ya kukunjia. Akanihakikishia kuwa hii si adhabu. Meneja wa hoteli ameambiwa kwamba uongozi umefanya mabadiliko makubwa, na mabadiliko makubwa ndiyo mimi. Mkurugenzi anaamini ni fulana zilizofanya kazi, na ameagiza nyingine.

Bi Taratibu siku ya kwanza tu alileta kopo la rangi ya mafuta, akaandika HOSPITALI na HOTELI kwa herufi kubwa, maneno mazima, pande zote mbili za kila mfuko. Wiki tatu sasa hakuna shuka lililopotea njia.

Mimi sasa ndiye mbovu wa chumba. Kumbe nilikuwa sijui kukunja, Shangazi, nilikuwa najua kuwasimamia wanaokunja. Yale mashuka yenye mpira pembeni ndiyo yanayonishinda kabisa. Jumanne nilirudishiwa sita kwa mkupuo mmoja, yamekaa kama vitumbo. Wenzangu wakaacha kazi wakatutazama. Nilimwona Bi Taratibu anakuja na yale mashuka mkononi, na nakuapia nilitazama kama ana karatasi.

Hakuwa na karatasi. Alizunguka meza akaja upande wangu, tukawa tunaangalia shuka pamoja, akaniwekea moja mbele yangu na kuniambia, "Nionyeshe unavyoanza."

Nina miaka thelathini na nne, na kazini hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Nikashika pembe mbili za shuka, nikamwonyesha.

Mwanao